Wale wa Jumla

"Jirani, na wa kwenu ameandikwa upande gani?"

Swali hilo Mama Kitambaa aliulizwa akiwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, kibanio kiko mdomoni. Aliyemuuliza alikuwa amehamia nyumba ya pili wiki ileile. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, futi ya kupimia imemning'inia shingoni kama mkufu, na watu walikuwa wameshaanza kumwita Mama Pindo. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa ameambiwa kwamba jirani yake huyo ndiye anayesugua kile kibao cha shaba pale ngomeni, kibao cha kumbukumbu ya askari wa zamani waliokufa mle. Yeye Mama Pindo babu yake alikuwemo, mstari wa saba kutoka juu, upande wa kushoto: KOPLO TARUMBETA. Akadhani mtu hawezi kuinama mbele ya majina ya watu kila siku ya Mungu kama na yeye hana wake.

Mama Kitambaa alikitoa kibanio mdomoni. "Chini," akasema.

"Chini wapi?"

"Chini kabisa."

Mama Pindo akafikiri kidogo, akakumbuka. Chini ya majina yote arobaini na moja palikuwa na mstari mmoja mfupi: NA WAPAGAZI 63.

"Aaa," akasema kwa upole. "Wale wa jumla."

Mama Pindo akaendelea kuanika shuka zake.

Kwake yeye maneno hayo yaliishia pale pale, yakakauka na shuka. Kwa Mama Kitambaa hayakupita. Yaliingia sikioni, yakatafuta mahali pa kukaa, yakakaa. Wa jumla. Kana kwamba babu yake alikuwa gunia.

Alipomsimulia mumewe, ambaye ni mshona viatu na kazi yake anaifanyia barazani, mumewe alicheka mpaka akaweka sindano chini. "Sasa hapo kakosea nini? Wenzetu wanauza rejareja, sisi tunauza jumla. Ila ndiyo hivyo, mke wangu, cha jumla siku zote hakipewi heshima. Hakuna anayefungiwa gunia kwa karatasi ya maua."

Mama Kitambaa hakucheka. Siku hiyo alimpakulia chakula akiwa anatazama ukuta.

Babu yake huyo, mzaa baba, hakuwa askari. Zamani zile wageni kutoka ng'ambo walipokuwa wakigombania nchi za wenyewe, waliwaandika baadhi ya vijana kuwa askari, na waliobaki wakawabebesha mizigo. Askari alipewa bunduki, viatu na namba. Mpagazi alipewa sanduku. Babu aliondoka nyumbani na sanduku la risasi kichwani, na kilichorudi ni habari tu, iliyoletwa na mwenzake aliyenusurika: ngome ilizingirwa, maji yakaharibika, watu wakaugua tumbo la kuhara damu, askari kwa wapagazi. Wakazikwa pamoja katika shimo moja nyuma ya ukuta, kwa sababu wachimbaji nao walikuwa wagonjwa na hawakuwa na nguvu za kuchimba mara mbili. Mwenzake huyo alileta pia ngata ya marehemu, ile pete ya nguo iliyosokotwa ambayo mbebaji huiweka kichwani ili mzigo usimuumize. Huo ndio uliokuwa urithi wao. Ulikaa ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda, na nondo walikuwa wameshaula nusu.

Kule nyumba ya pili urithi ulikuwa nishani yenye utepe, ndani ya kisanduku cha kioo, ukutani, mahali ambapo mgeni akiingia tu lazima aione.

Ugonjwa ulikuwa mmoja, na shimo lilikuwa moja. Lakini kwenye shaba mmoja ana cheo na jina, mwingine ni tarakimu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila asubuhi isipokuwa siku ya ibada, Mama Kitambaa alipita lango la ngome na ndoo yake, akaipita ile mizinga miwili iliyolala kwenye nyasi, akafika kwenye nguzo ya mawe iliyobeba kibao. Ofisi ilitoa kopo moja la dawa ya shaba kwa mwaka, na kopo lilikwisha kabla ya mwezi kwisha. Kwa hiyo alitumia dawa aliyofundishwa na mama yake ya kusugulia vyombo: majivu yaliyochekechwa na nusu ya limau. Shaba ni shaba, alikuwa akisema, haijui kama ni sinia au ni jeshi. Alipiga magoti, akachovya kitambaa, akaanza juu kushoto na kushuka mstari kwa mstari.

Askari wale walikuwa wameandikwa kwa majina ya utani, maana karani wa jeshi alishindwa kuyatamka majina waliyopewa na mama zao. Kwa hiyo alikuwepo SAJINI KIFIMBO, na MBIO, na SINDANO, na CHUMVI, na mmoja aliyeandikwa MBILI-MBILI, sababu yake haijulikani mpaka leo. Mama Kitambaa alizungumza nao kama mtu anavyozungumza na watoto wakati wa kuwaogesha. "Chumvi, leo umeota ukungu wa kijani. Sindano, geuka nikusugue shingo." Walimu waliokuja na wanafunzi wakati mwingine walimuuliza kwa nini anajichosha kwa watu waliokufa wakipigania mabwana wasiowajua. Yeye hakuwa na elimu ya kubishana, aliishia la saba. Alijibu tu kwamba mtu akifa mbali, jina ndilo linalobaki kumrudisha nyumbani.

Alipofika mstari wa saba, mkono ulipata uzito.

Asubuhi ile ya kwanza baada ya swali la kwenye kamba, alikitazama kitambaa chenye majivu, akalitazama jina la Koplo Tarumbeta, akaliruka. Alilipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu tu, akaenda mstari wa nane. Alijiambia ni siku moja, mpaka hasira ishuke. Siku moja ikazaa wiki, wiki ikazaa mwaka, na mwishowe mkono ulijizoelea wenyewe kuruka, kama mguu unavyoijua ngazi mbovu. Wenzake wakametameta, yeye akabaki mweusi mweusi, rangi ya chai iliyopoa. Mtu akiuliza, Mama Kitambaa alisema ni shaba ya pale tu ilivyo, haikubali.

Na kile alichomnyima koplo alikipeleka chini. Mstari wa mwisho ulipata majivu mapya na limau ambalo halijaguswa. Tarakimu zile mbili, sita na tatu, hakuzisugua kwa kitambaa peke yake. Alizipitishia kidole gumba, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto machozi. Mahali pengine pa kumshika babu yake hapakuwepo.

Kila mwaka palikuwa na siku ya mashada. Wakubwa walikuja, tarumbeta ikapigwa, na mbele ya kibao vikapangwa viti vilivyovikwa kitambaa cheupe, kila kiti na karatasi iliyoandikwa FAMILIA. Mama Pindo alikaa cha kwanza. Kila mwaka alikuwa na gauni jipya alilojishonea mwenyewe, mishono imekaa sawa, mabega yamesimama, nishani kifuani. Mama Kitambaa alisimama karibu na lango na ndoo yake, kwa sababu baada ya wakubwa kuondoka ni yeye wa kuokota petali.

Mwaka mmoja alijikaza akamwendea karani wa viti. Karani akamwambia viti ni vya familia za walioorodheshwa.

"Na mimi ni familia," Mama Kitambaa akasema.

"Ya nani?"

Akarudi langoni kwenye ndoo yake. Mtu hawezi kusema yeye ni wa familia ya sitini na tatu.

Ukimuuliza alionea wivu nini hasa, hakuwa na haja ya nishani, wala gauni halikumkosesha usingizi, ingawa aliliangalia mpaka akalijua lina vifungo vingapi. Kilichomkata maini ni pole. Wakubwa walipomfikia Mama Pindo waliinama, wakashusha sauti, wakamwambia "pole, mama," kana kwamba babu kafa juzi. Naye Mama Pindo alifumba macho, akaipokea. Mama Kitambaa, tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kumpa pole ya babu.

Tena Mama Pindo alikuwa mkarimu, na ukarimu wa mtu unayemwonea kijicho ni mchungu kuliko matusi yake. Kila mwisho wa mwezi alileta mfuko wa vipande vilivyobaki chini ya cherehani, pamba laini, vilivyokatwa vizuri. "Chukua jirani, vya kumsugulia mzee wangu." Mama Kitambaa alisema asante, meno yamebana. Ndivyo vilivyompa jina lake, kwa sababu siku zote alikuwa na kimoja kiunoni. Na kwa vipande hivyo hivyo aliwasugua watu arobaini, akamwacha mzee wa mwenye vipande.

Alikuwa mtu wa sala. Alimwomba Mungu amwondolee roho ya kwa nini: kwa nini wao, kwa nini si sisi. Alimweleza Mungu kila kitu, ila habari ya mstari wa saba, kana kwamba Mungu hapiti ngomeni.

Miaka ishirini na miwili ikapita namna hiyo.

Ndipo akaja msimamizi mpya wa ngome, kijana mwenye miwani na daftari, mwenye adabu. Asubuhi moja alimkuta Mama Kitambaa amepiga magoti, akachuchumaa karibu naye.

"Shikamoo, mama. Tunataka kuweka kibao kipya. Hiki hakisomeki tena."

"Marahaba. Hakisomeki vipi? Si kinang'aa hivi?"

"Kinang'aa, ndiyo. Lakini soma."

Mama Kitambaa akatazama. Miaka yote hiyo alikuwa hasomi, mkono ulikuwa unajua njia wenyewe. Sasa akasogeza uso. Palipokuwa na Kifimbo pamebaki KIF na mkwaruzo. Chumvi ameisha. Mbili-Mbili kabaki na kistari chake cha katikati. Majivu na limau vilikuwa vimekula rangi nyeusi ndani ya herufi, kisha vikala kingo za herufi zenyewe, kidogo kidogo, asubuhi baada ya asubuhi. Akashuka mpaka chini kabisa. Mstari wa mwisho haukuwepo. Palikuwa laini, pamepoa, panaakisi uso wake kama sinia.

"Aliyebaki ni huyu mmoja," msimamizi akasema, akaweka kidole kwenye mstari wa saba. KOPLO TARUMBETA alisimama pale, mweusi, herufi zake zina kina unachoweza kuzamisha ukucha. "Huyu ametunzwa."

Mama Kitambaa alikaa chini kwenye nyasi. Msimamizi akadhani ni magoti.

"Usijali, mama," akamwambia. "Majina yapo ofisini, kuna orodha iliyopigwa chapa. Arobaini na moja, yote. Fundi mchonga anaanza Jumatatu."

"Na wapagazi?"

"Wapagazi gani?"

"Walikuwa hapa." Akaweka kidole gumba pale palipo laini. "Na wapagazi sitini na tatu. Walikuwa hapa."

Kijana akapekua daftari, akatikisa kichwa kwa huruma. "Orodha haina wapagazi, mama. Mimi nakuamini, ila walioko juu yangu hawachongi kwa kuamini. Nipatie chochote. Karatasi, picha ya zamani, chochote kinachoonyesha kwamba mstari ulikuwepo. Kabla ya Jumatatu."

Ilikuwa Alhamisi.

Mama Kitambaa hakuhitaji kufikiri picha iko wapi. Aliijua kama anavyoijua sufuria yake. Ilikuwa ukutani kwa Mama Pindo, chini ya nishani: Mama Pindo kwenye kiti chake, siku ya mashada ya kwanza tangu ahamie, na nyuma ya bega lake kibao kizima, herufi bado nyeusi tii. Alikuwa ameichukia picha ile kwa miaka ishirini na miwili. Sasa ndiyo pekee duniani iliyomshika babu yake.

Alhamisi hakwenda. Ijumaa hakwenda. Alifua nguo safi akazifua tena.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," mumewe akamwambia kutoka barazani.

"Nimeinama miaka ishirini na miwili. Kiuno kimebaki hivyo hivyo."

"Uliinamia shaba. Sasa inamia mtu. Mtu ana sikio."

Kilichomzuia si kuomba tu. Angeomba vipi picha bila kuulizwa kibao kimekuwaje? Na akiulizwa kibao kimekuwaje, angesema nini kuhusu mstari wa saba? Na Mama Pindo akijua, kwa nini ampe picha? Watu wanavunja ujirani kwa kuku, sembuse kwa babu.

Jumamosi asubuhi alivaa nguo ya kwendea ibada akaenda kubisha nyumba ya pili. Hatua ishirini, na zilikuwa ndefu.

Mama Pindo alikuwa kwenye cherehani, anatia kola za mashati ya shule. "Karibu, jirani. Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kuazima picha. Ile ya ukutani."

"Picha utapewa. Kwanza kaa." Mama Pindo akasogeza rundo la mashati, macho yake yamelowa. "Mimi mwenyewe nilikuwa nije kwako. Yule kijana wa ngomeni alipita hapa jana. Kaniambia kibao chote kimefutika, aliyebaki ni mzee wangu peke yake, anasomeka kama kaandikwa juzi. Nikamwambia, huyo ni jirani yangu huyo. Mimi nakaa kitini siku moja kwa mwaka, watu wananipa pole, kumbe kuna mtu anamlea mzee wangu kila asubuhi na wala hajisemi. Nililia, jirani. Sikulala, nikakaa nikashona."

Akainuka, akatoa nyuma ya mlango gauni lililoning'inizwa, la samawati, pindo limeshonwa kwa mkono, vifungo sita, akalitundika mgongoni mwa kiti, akarudi kukaa kwenye cherehani.

"Hili ni lako. Nimelipima kwa macho, nakujua. Na mwaka huu unakaa na mimi mbele, kiti cha pili. Nimeshamwambia kijana. Karani wa viti akiuliza wewe ni familia ya nani, mwambie ya Koplo Tarumbeta."

Kila alichokitamani kililetwa kwa mkupuo mmoja: gauni, kiti, na pole zitakazofuata. Picha iko pale juu, mkono ukinyooka inafikiwa. Alichotakiwa kufanya ni kusema asante, na asante alikuwa ameizoea, hata ya meno yaliyobana. Roho ilimwambia, nyamaza, Mungu mwenyewe kakupa. Lakini alikuwa mcha Mungu wa muda mrefu, na aliijua sauti ya Mungu kiasi cha kujua kwamba ile haikuwa yake.

"Sikumlea," akasema.

"Usijishushe."

"Sijishushi. Nilimruka. Wenzake wote niliwasugua, ndiyo maana wameisha. Yeye nilimpangusa vumbi tu. Nilitaka awe mweusi, watu wapite wasimwone."

Mguu wa Mama Pindo ulianza kupiga pedeli, polepole, cherehani ikazunguka bila uzi. Kisha ukatulia.

"Tangu lini?"

"Tangu ulivyohamia."

"Nilikufanya nini mimi?"

"Uliniuliza swali kwenye kamba. Wa kwetu ameandikwa upande gani. Nikakwambia chini. Ukasema, wale wa jumla."

Mama Pindo akatafuta kichwani, na usoni kwake ilionekana wazi kwamba hakupata kitu. "Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema. Ulikuwa unaanika shuka za maua mekundu."

"Miaka ishirini na miwili umebeba neno moja."

"Kwetu ni wabebaji," Mama Kitambaa akasema.

Hakukusudia kuchekesha. Lakini kicheko kilimtoka Mama Pindo puani kabla hajakizuia, na alipokizuia alikasirika maradufu, kwa kuwa mtu akishacheka hasira inakosa mahali pa kusimama. Akalitoa gauni mgongoni mwa kiti, akalikunja mara mbili, akalikunja tena.

"Hili nalirudisha."

"Rudisha."

"Sijasema nalichana. Nalirudisha mpaka roho itulie."

Kisha akapanda kigoda, akaishusha picha. Ukutani pakabaki mraba mweupe. Akaifuta kioo kwa upande wa mkono, akaitazama kwa muda, yeye mwenyewe kijana, bega limesimama, na nyuma ya bega mstari mdogo ambao hakuwahi kuusoma tangu picha ipigwe.

"Hao hapa," akasema. "Nimekaa mbele yao siku zote." Akamkabidhi. "Chukua. Na jirani, nikwambie kitu. Kumbe kijicho chako kinatunza kuliko mapenzi yako."

Hakutabasamu alipolisema neno hilo. Mama Kitambaa alilipokea kama alivyolipokea lile la kwanza, akaondoka nalo, ila hili halikumuuma vilevile. Lilikuwa kweli, na la kweli likiuma linapona.

Jumatatu alikuwa ofisini kabla mlango haujafunguliwa, picha imefungwa ndani ya kipande cha pamba laini. Fundi mchonga naye alikuwa amefika, mzee mfupi mwenye patasi nyembamba mfukoni kama kalamu. Msimamizi akaiweka picha dirishani penye mwanga, akashika lenzi ya kukuzia, akasoma kwa sauti, herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka akafika sita, mpaka akafika tatu. Akavua miwani.

"Pole sana, mama," akasema. "Pole kwa mzee wako na wenzake."

Alisema hivyo tu, kwa adabu ya kawaida, akageukia karatasi zake. Hakuona kwamba mama aliyesimama mbele yake ameshika ukingo wa meza.

Fundi alikuwa anapima bati jipya la shaba kwa rula. "Mstari unaingia," akasema. "Tena nafasi inabaki. Mama, mzee wako aliitwa nani? Jina moja halinishindi, nalichomeka hapo pembeni, mpagazi fulani na wenzake. Nani atauliza?"

Mama Kitambaa alilijua jina. Baba yake alimpa akiwa mdogo, akamwambia alishike. Sasa lilipanda mpaka kwenye ulimi na likawa tamu. Aliliona limechongwa, lina kina, na tusidanganyane, aliuona pia uso wa Mama Pindo siku ya mashada akilisoma. Tena aliuona vizuri zaidi kuliko alivyoliona jina.

Ila aliona na kitu kingine. Aliona mwanamke asiyemjua, kwenye kamba ya nguo mahali fulani, kibanio mdomoni, mjukuu wa mmoja wa wale sitini na wawili. Na akamwona mtu akimkaribia kwa sauti nzuri, bila ubaya wowote, kumuuliza wa kwenu ameandikwa upande gani. Na mtu huyo ana sura yake yeye, Mama Kitambaa, amevaa gauni la samawati.

Akalimeza jina. Halikumezeka kirahisi.

"Acha," akamwambia fundi. "Wabaki pamoja, walizikwa pamoja."

"Basi niandike kama ilivyo kwenye picha?"

"Hapana."

Fundi na msimamizi wakamtazama. Mama Kitambaa akakifungua kile kipande cha pamba, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya meza karibu na patasi.

"Naomba SITINI NA TATU iandikwe kwa herufi, msiweke tarakimu, maana tarakimu mbili zinafutika upesi. Na herufi zake ziwe na kina kilekile cha Koplo Tarumbeta."